Bodi Gani, Waya Gani: Ulinganisho kwa Anayejiundia Kabati la Gemu Mombasa

Kabati la gemu likiharibika halisemi linaumwa wapi. Mchezaji hubonyeza kitufe cha kuruka na mhusika wake akabaki amesimama. Akibonyeza tena kwa hasira, anaruka. Mwenye kabati huilaumu bodi, yaani ile inayopokea waya za vitufe na kuipasha kompyuta habari, huagiza nyingine, husubiri mzigo ufike, huifunga, na baada ya miezi miwili mitatu kitufe kile kile huanza tabia ile ile. Nimefungua makabati ya namna hiyo Tudor, Majengo na Kisauni, yakiwemo mawili niliyoyaunda mwenyewe kwa msaada wa binamu yangu aliye seremala, na katika mengi ya hayo nilikuta bodi ikiwa nzima kabisa. Kilichokufa kilikuwa ncha ya waya. Kwa sababu hiyo, ulinganisho huu hautaanzia kwenye kasi, ambayo ndiyo wauzaji huipigia debe, bali kwenye maswali mawili ambayo wanunuzi husahau kuuliza: bodi inaushika waya vipi, na inajitambulisha vipi kwa kompyuta?

Hesabu ya njia kabla ya bei

Joistiki ya kawaida ina maikroswichi nne, moja kwa kila upande, na mwelekeo wa pembe hupatikana mbili zinapobanwa kwa pamoja. Ukiongeza vitufe sita vya kuchezea, kitufe cha kuanza na kitufe cha sarafu, mchezaji mmoja anahitaji njia 12 (njia ni mahali pa kuingizia waya wa swichi moja kwenye bodi) na wachezaji wawili wanahitaji 24, kabla hata ya kufikiria kitufe cha kutoka kwenye gemu. Idadi hii ndiyo itakayokuambia kama bodi moja yatosha au zahitajika mbili.

Kila maikroswichi ina miguu mitatu, iliyoandikwa COM (wa pamoja), NO (huungana na COM kitufe kinapobonyezwa) na NC (huungana nao kitufe kisipobonyezwa). Kazi hii inatumia COM na NO tu. Aliyekosea akachomeka kwenye NC atamkuta mhusika wake anarusha ngumi bila kukoma hadi kitufe kibonyezwe, kichekesho ambacho watoto hukifurahia kuliko gemu lenyewe. Mguu mmoja huenda kwenye njia yake pekee katika bodi, na wa pili huungwa na wenzake kwa waya unaoruka kutoka kitufe hadi kitufe, ambao ndio graundi. Mafundi wetu wengi huuita erthi, na jina hilo limewahi kunitia hofu nilipomwona mtu akiutafutia mahali kwenye plagi ya ukutani. Huu si ule waya wa kijani na njano wa plagi ya pini tatu. Ni upande hasi wa volti 5 zinazotoka kwenye USB, na hauna shughuli yoyote na stima ya volti 240 inayowasha skrini iliyo sentimita chache nyuma yake.

Zero Delay na I-PAC: mwanafunzi na karani mzoefu

Bodi ndogo zinazouzwa kwa jina la Zero Delay ndizo wengi huanza nazo, kwa kuwa ni za bei rahisi na mara nyingi huja pamoja na nyaya zake. Bodi moja huhudumia mchezaji mmoja, na kompyuta huiona kama pedi ya kawaida ya kuchezea, bila kuhitaji kuwekewa programu yoyote. Joistiki ya mtindo wa Sanwa, kampuni ya Kijapani, huingia kwa plagi moja ya pini tano, na kila kitufe huingia kwa plagi yake ndogo ya pini mbili, hivyo mtu ambaye hajawahi kushika koleo anaweza kumaliza kazi yote katika alasiri moja. Mpango huu una faida ambayo haisemwi sana: kwa vile kila kitufe kina jozi yake ya nyaya, hakuna mnyororo wa graundi wa kukatika, na kitufe kimoja kikifa hakiwaburuti wenzake.

Udhaifu wake uko kwenye utambulisho. Bodi hizi hujitaja kwa kompyuta kwa jina moja na namba moja, kama pacha wawili waliovishwa kanzu za kitambaa kimoja, na kompyuta iliyofungwa mbili haina njia ya kuwatofautisha isipokuwa kwa tundu la USB walimochomekwa au kwa aliyetangulia kuonekana mashine ilipowaka. Katika mji ambao stima hukatika bila hodi na kurudi bila salamu, maana yake ni kwamba upande wa kushoto wa kabati unaweza kulala ukiwa mchezaji wa kwanza na kuamka ukiwa wa pili. Tatizo lina dawa: katika MAME, programu inayoigiza mashine za gemu za kale, unaweza kuandika faili ya mpangilio inayomfunga kila mchezaji kwenye kifaa kinachotambuliwa kwa tundu lake, na katika Linux unaweza kuandika kanuni ya udev, sehemu inayotambua vifaa vilivyochomekwa, yenye kazi kama hiyo. Lakini dawa hiyo inamtaka mtu anayejua kuihariri faili, na mtu huyo aghalabu si yule aliyenunua bodi hii kwa sababu ya urahisi wake. Udhaifu wa pili ni zile plagi ndogo zenyewe, ambazo hushikiliwa na msuguano tu. Paneli inayopigwa ngumi kutwa huzilegeza polepole, na ukivunja moja utalazimika kukata waya na kuunga, kwa sababu si kitu utakachokikuta kwenye kila duka la fundi wa redio.

I-PAC, inayotengenezwa na Ultimarc ya Uingereza, hufuata njia tofauti kabisa. I-PAC 2 ina njia 32, kwa hiyo wachezaji wawili wenye njia 24 huingia kwenye bodi moja na nafasi ikabaki. I-PAC 4 ina njia 56 kwa kabati la watu wanne. Waya huingia kwenye tundu na kukazwa kwa skrubu, na hilo pekee, kwa hali yetu ya pwani, ni sababu tosha ya kuipa heshima. Tangu kiwandani hujitambulisha kama kibodi na kutuma herufi ambazo MAME huzisikiliza bila kuelekezwa: mishale, Ctrl, Alt, kitufe cha nafasi na Shift kwa mchezaji wa kwanza, R, F, D na G za mwelekeo pamoja na A, S, Q na W kwa wa pili, 5 na 6 kwa sarafu, 1 na 2 kwa kuanza. Kwa kuwa kibodi ni moja na kila mchezaji ana herufi zake, suala la pacha halipo. Stima ikatike mara kumi kwa siku, kushoto kutabaki kushoto. Aidha, ukishikilia kitufe cha kuanza cha mchezaji wa kwanza, vitufe vingine hupata kazi ya pili, na hivyo huhitaji kutoboa paneli zaidi ili kupata kitufe cha kutoka au cha sarafu.

Hata hivyo, kibodi ina adabu zake mbaya. Windows huichukulia Shift inayobonyezwa mara tano mfululizo kuwa ni ombi la msaada kwa mtu anayepata shida kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na hutokeza dirisha la kuuliza katikati ya pambano. Shift ndiyo kitufe cha nne cha mchezaji wa kwanza, na hakuna mchezaji anayejiheshimu ambaye hajabonyeza kitufe cha nne mara tano mfululizo. Kipengele hicho kizimwe kwenye mipangilio ya Windows siku ile ile bodi inapofungwa. Tatizo lingine ni kwamba gemu nyingi za kisasa za kompyuta, na viigizaji vya mashine za nyumbani, hutarajia pedi. Matoleo mapya ya I-PAC yanaweza kugeuzwa yakajifanya pedi mbili, lakini anayekusudia kucheza gemu hizo pekee atakuwa amelipa mara kadhaa ya bei ya Zero Delay kwa sifa asiyoihitaji.

Pico, na ndugu zake wa kuandikiwa programu

Mwezi Januari 2021 Raspberry Pi walitoa bodi ndogo iitwayo Pico, yenye chipu ya RP2040, kwa bei ya dola 4 za Marekani. Haikuundwa kwa ajili ya makabati ya gemu, lakini ina pini 26 zinazoweza kusoma vitufe, na programu huria iitwayo GP2040-CE imeigeuza kuwa bodi ya kuchezea inayoweza kukaa meza moja na zile za bei kubwa. Kuiwekea programu hiyo hakuhitaji ujuzi wa kuandika hata mstari mmoja: unashikilia kitufe kidogo kilicho juu ya bodi huku ukichomeka kebo ya USB, kompyuta inaiona kama diski, unaiburutia faili, basi. Mipangilio hufanywa kwenye kivinjari, kwa kuichomeka huku umeshikilia kitufe cha kuanza kisha kufungua anwani 192.168.7.1, ukurasa huo unatoka ndani ya bodi yenyewe, kwa hiyo huhitaji bando wala intaneti.

Ubora wake ni uhuru wa kujitambulisha. Bodi ile ile inaweza kuwa pedi ya Xbox kwa kompyuta, pedi ya Switch, pedi ya PS3 au kibodi. Kwa PS4 pana mpaka: bila kifaa cha uthibitisho, mashine hukataa kuendelea kuisikiliza baada ya dakika 8. Ikumbukwe pia kwamba programu hii huhudumia mchezaji mmoja kwa bodi moja, na kwamba Pico mbili zilizowekwa kama pedi za Xbox hurudisha tatizo la pacha lililotajwa hapo juu. Ufumbuzi ninaoupendelea ni kuziweka zote mbili katika hali ya kibodi na kuipa kila moja herufi zake, ya kwanza zile za mchezaji wa kwanza katika MAME na ya pili zile za mchezaji wa pili. Hapo hakuna haja ya kujua nani kaamka mwanzo, na kwa kuwa herufi unazichagua mwenyewe, Shift unaiacha kando kabisa.

Ugumu wa Pico uko kwenye kuushika waya. Yenyewe ni kipande kitupu chenye matundu pembeni, na anayelehemu waya moja kwa moja kwenye matundu hayo hufanya kazi inayopendeza siku ya kwanza na kujuta siku ya kubadilisha bodi. Ichukuliwe ile yenye pini zilizokwisha kulehemiwa, ipachikwe juu ya bodi mama yenye vishikio vya skrubu, ambayo huuzwa kwa ajili ya Pico, na waya zikazwe huko. Bodi ikifa unaichomoa kama jino bovu na kupachika nyingine bila kugusa waya hata mmoja. Pini zake ni za volti 3.3, na volti 5 za taa za vitufe hazitakiwi kuzigusa.

Arduino Leonardo na Pro Micro hutumia chipu ya ATmega32U4, ambayo huzungumza USB yenyewe, na kwa hiyo zinaweza kujifanya kibodi au pedi. Leonardo ina pini 20 na Pro Micro ina 18, zinazotosha mchezaji mmoja. Arduino Uno ya R3 na zilizoitangulia, ambayo ndiyo huonekana zaidi mikononi mwa wanafunzi, haifai kwa urahisi huo, kwa sababu chipu yake kuu haina USB ya kwake. Nimeshaletewa Uno tatu na vijana waliodhani zote ni sawa. Aliye na Leonardo nyumbani aitumie. Anayenunua leo, sioni sababu ya kutoichukua Pico.

Kwa anayetaka bodi ya mapambano inayokubaliwa na mashine nyingi bila kuhariri chochote, zipo za Brook, ambazo husomwa na PlayStation, Xbox, Switch na kompyuta. Ni nzuri na ni ghali, na kwa kabati la nyumbani lenye kompyuta moja ndani yake, unalipia milango ambayo hutaifungua.

Njia za mkato, na njia ya zamani

Wanaoweka Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kampuni ile ile ya Pico, ndani ya kabati huvutiwa na wazo la kuunga vitufe moja kwa moja kwenye pini zake 40, bila bodi yoyote ya kati. Pini zinazotumika ni 26, hivyo wachezaji wawili wenye njia 24 wanaenea kwa kubanana. Sikushauri. Pini hizo haziwezi kustahimili volti 5, na kosa moja la bisibisi huua kompyuta nzima badala ya kuua bodi ya dola chache. Zaidi ya hayo, Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, ilizihamishia pini hizo kwenye chipu nyingine iitwayo RP1, na viendeshi vya zamani vilivyoandikwa kugusa chipu kuu moja kwa moja haviwezi kufanya kazi juu yake.

Njia nyingine ya mkato ni kufungua kibodi kuukuu na kulehemu waya kwenye saketi yake. Kibodi ya kawaida hupanga vitufe vyake kwa safu na mistari ili kupunguza waya, na vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja kwenye pembe za mstatili mmoja, kompyuta ama huona cha nne ambacho hakuna aliyekigusa ama hukikataa cha tatu. Kwa wachezaji wawili wanaobonyeza kwa pamoja jambo hilo halivumiliki.

JAMMA ni habari ya aina nyingine. Ni kanuni ya chama cha watengenezaji wa mashine za burudani wa Japani, ya mwaka 1985, iliyoweka konekta moja yenye miguso 56, yaani 28 kila upande, inayobeba umeme, picha, sauti, joistiki, vitufe na sarafu kwa pamoja. Aliyepata kabati la kale au anayenunua bodi yenye gemu nyingi ndani yake ya kupachika na kucheza, atanunua mkungu wa waya wa JAMMA uliokwisha kutengenezwa na kumaliza. Kanuni yenyewe iliwatengea wachezaji vitufe vitatu kila mmoja, na ndiyo maana Street Fighter II ya mwaka 1991, yenye vitufe sita, ilihitaji waya wa ziada wa vitufe vya mateke. Pawe na tahadhari moja: konekta ina ufunguo kwenye nafasi ya 7 ili isiingie kichwa chini, na mikungu mingine huuzwa ikiwa haina ufunguo huo. Ikiingia kinyume, umeme huenda pasipostahili na bodi huenda zake. Anayetaka kulihifadhi kabati la namna hiyo na kuweka kompyuta ndani, Ultimarc wana J-PAC, ambayo ni I-PAC iliyovalishwa konekta ya JAMMA.

Kuhusu kuchelewa

Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Kifaa cha USB cha mwendo kamili kinaweza kuulizwa hali yake na kompyuta kila milisekunde 1. Kifaa cha mwendo wa chini, kwa kanuni za USB, hakiulizwi mara nyingi zaidi ya mara moja kila milisekunde 10. Tofauti hiyo ipo, na mchezaji wa mashindano anaweza kuijali. Ila televisheni ambayo haijawekwa katika hali ya gemu huweza kuchelewesha picha kuliko bodi yoyote niliyoitaja hapa, na nimeona watu wakibadilisha bodi mara mbili huku rimoti iliyobeba dawa yao iko juu ya kabati.

Waya na ncha zake

Ukiingia duka la vifaa vya umeme ukaomba waya, utapewa wa nyumba: wa milimita za mraba 1.5 wa taa au 2.5 wa soketi. Huo ni mgumu na mnene mno, na uzito wake pekee hutosha kuvuta terminali ndogo, yaani ncha ya chuma inayochomekwa kwenye mguu wa swichi, ikachomoka. Ishara za vitufe hubeba mkondo mdogo sana, hivyo waya wa milimita za mraba 0.2 hadi 0.5 unatosha kabisa. Kebo ya mtandao ya Cat5e hupatikana kila mahali, ina nyaya nane za rangi tofauti, na unene wake unafaa. Lakini ile ya kupitishwa ukutani ina uzi mmoja mgumu wa shaba ambao hukatika ukikunjwakunjwa, na paneli ya kabati hufunguliwa na kufungwa. Bora zaidi ni waya wa gari wa milimita za mraba 0.5 wenye nyuzi nyingi, na bora kuliko huo ni ule ambao nyuzi zake zimepakwa bati, unaotumiwa kwenye maboti. Ukiukata utaona nyuzi ni nyeupe badala ya nyekundu. Weupe huo ndio unaouzuia usiote ukijani.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye terminali. Maduka ya vipuri vya magari yamejaa terminali bapa za milimita 6.3, kwa sababu ndizo zinazotumika sana kwenye magari. Maikroswichi nyingi za vitufe vya kabati zina miguu ya milimita 4.8, na vitufe vya Sanwa vina miguu ya milimita 2.8. Kwa kabati langu la kwanza nilinunua mfuko wa zile za 6.3, nikazibana kwa koleo hadi zikashika, nikajiona fundi. Zilishika msimu mmoja. Masika yalipokwisha, vitufe viwili vilikuwa vinafanya kazi asubuhi na kugoma jioni, na nilipochomoa terminali nilikuta ndani yake unga wa kijani mwembamba kama ukungu wa mkate, na alama mbili tu za kung'aa mahali ambapo chuma kiligusa chuma. Upana mzima wa terminali ulikuwa hewani, na hewa yetu ina chumvi.

Hapa pana jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa, nalo ndilo linaloziunganisha bodi na waya. Swichi ya taa ya nyumbani huweza kuwa na kutu kidogo na taa ikawaka vile vile, kwa sababu volti 240 hupenya utando mwembamba wa kutu bila kuhisi. Bodi ya gemu haina nguvu hiyo. Rezista ya ndani ya Pico, inayoivuta njia hadi volti 3.3 kitufe kisipobonyezwa, ina kiasi cha kiloomu 50 hadi 80, na kwa volti 3.3 mkondo unaopita kitufe kinapobonyezwa haufiki hata moja ya kumi ya miliampea, yaani uko chini ya miliampea 0.1. Bodi za Arduino zenye volti 5 na rezista za kiloomu 20 hadi 50 hupitisha miliampea 0.1 hadi 0.25. Mkondo mdogo hivyo hauwezi kuvunja utando wa kutu. Ukikutana nao, husimama. Ndiyo maana kipimo cha fundi kinaweza kuonyesha waya ni mzima, na gemu likakataa. Anayetumia Pico karibu na bahari anaweza kuongeza rezista ya kiloomu 1 kati ya kila njia na pini ya volti 3.3, na mkondo kupitia swichi utapanda hadi miliampea 3.3, njia zote 12 zikibonyezwa kwa pamoja jumla haifiki miliampea 40, ambazo bodi inazimudu bila taabu.

Terminali iwe ya kipimo sahihi, iwe imepakwa bati, ibanwe kwa koleo la kubania badala ya koleo la kawaida, na ipakwe grisi kidogo ya umeme kabla ya kusukumwa kwenye mguu wa swichi. Kwenye vishikio vya skrubu, waya wa nyuzi nyingi usipakwe risasi ya kulehemu kabla ya kukazwa, kwa kuwa risasi ni laini na hukimbia polepole chini ya shinikizo la skrubu hadi ikalegea. Uvalishwe kijibomba kidogo cha chuma na kubanwa. Waya zote za ishara zipite upande mmoja wa kabati na kebo ya stima upande mwingine.

Mnyororo wa graundi, kwa bodi zinazoutumia, uwe duara: ukifika kitufe cha mwisho, waya urudi kwenye bodi. Mnyororo ulio wazi ukikatika katikati huua vitufe vyote vilivyo mbele ya mkato. Duara likikatika mahali pamoja halina madhara. Hilo pia ni kipimo cha ugonjwa: kitufe kimoja kikifa, tazama terminali yake, nusu ya paneli ikifa kwa pamoja, tafuta mkato wa graundi, paneli nzima ikinyamaza, anza na kebo ya USB.

Nani achukue ipi

Mzazi anayeunda kabati na watoto wakati wa likizo, na asiyejali kama mchezaji wa kwanza atageuka wa pili, achukue Zero Delay na asisumbuke. Anayeunda kabati la MAME la kukaa sebuleni miaka mingi, na anaweza kusubiri mzigo kutoka ng'ambo, achukue I-PAC 2. Ndiyo iliyomo katika kabati la nyumbani kwetu Tudor, na tangu ifungwe sijagusa skrubu zake ila kuzikaza mara moja. Mpenzi wa mapambano anayecheza kwenye kompyuta achukue Pico na kuiweka kama pedi ya Xbox. JAMMA ni ya mwenye kabati la JAMMA.

Kabati la kibanda, linalolipiwa kwa kila mchezo na kupigwa na mikono ya mtaa mzima, ni kesi ya peke yake, kwa sababu kila saa linaponyamaza ni hasara. Katika lile la Majengo tulifunga Pico mbili juu ya bodi mama za skrubu, zote katika hali ya kibodi, rezista za kiloomu 1 kwenye kila njia, waya wa boti na terminali za 4.8. Ndani ya mlango wa nyuma, kwenye mfuko wa plastiki wenye kijipakiti cha kufyonza unyevu, tumebandika Pico nyingine mbili zilizokwisha kuwekewa programu na herufi zake, moja imeandikwa 1 na nyingine 2 kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na terminali kumi za akiba. Kijana anayekiendesha kibanda alishaibadilisha ya pili wakati wa mchana, wateja wakiwa wamesimama, na habari hiyo niliipata jioni nilipopita kusalimia.